Mkomoro na Malimbuko ya Ilavange

Hakuna mtu wa Ilavange aliyemwona Badru Abdulsalam siku alipofika Makambako, lakini kila mtu ana habari za siku hiyo. Wapo wanaosema alishuka kwenye treni akiwa na kiatu kimoja. Wapo wanaosema alikuwa utingo wa lori la Tunduma, akakosana na dereva, akateremshwa njia panda kwenye upepo ule, na shati la mikono mifupi. Wote wanakubaliana kwamba alitoka Komoro na kwamba hakuwa na kitu. Filemoni, mkulima wa hapo kijijini, alisumbuliwa zaidi na hilo la kutokuwa na kitu. Mtu mikono mitupu, leo ana malori yenye majokofu, na hapo katikati hakuna aliyeona alipitaje.

Kusema kweli walimwona akipita, ila walikuwa wanacheka. Badru alianza kwa kubeba magunia ya viazi vya Makete sokoni. Wakati ule kila nyumba ya upande wa Njombe ilikuwa na mti mmoja au miwili ya parachichi nyuma ya banda la mifugo, zile za kienyeji, kubwa kama kichwa cha mtoto, na zilipoanguka ziliokotwa na nguruwe. Badru akaazima baiskeli, akaanza kuzunguka vijijini akiomba auziwe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwislamu anagombea chakula na nguruwe! Mama mmoja alimwambia asubiri kwanza mwenye zamu ashibe. Badru alicheka pamoja nao, akalipa, akazifungasha kwenye nyasi kavu, akaondoka.

Baadaye akamwoa Hamisa, mwanamke wa Kondoa aliyekuwa na genge la machungwa pale sokoni. Genge likawa banda, banda likawa ghala. Ilipoingia miche ya parachichi za kisasa, ile ya Hass, na wenye fedha wakaanza kuja na magari kutafuta wakulima, walimkuta Badru ameshajua kila njia ya gari na kila nyumba yenye mti. Sasa ana jengo la kufungashia nje kidogo ya mji, lenye chumba cha baridi, na wanawake waliovaa kofia nyeupe wanachambua matunda kutwa nzima. Inasemekana ana karatasi za uraia. Hakuna aliyeziona. Inasemekana pia ana joka la kumletea utajiri, na hilo nalo hakuna aliyeliona, ila linasemwa zaidi kuliko karatasi.

Filemoni hakuamini habari za joka. Alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri hapo Ilavange, mtu wa maneno machache, aliyependa kukaa kiti cha nyuma kwenye mikutano. Wala hakuwa mtu wa kusema vibaya juu ya wageni. Lakini kila alipoliona gari jeupe la Badru likipanda kilima cha shule alijikuta anahesabu kuku wake.

Na mwaka huo alikuwa na sababu. Baba yao aliwaachia, yeye na kaka yake Ebeneza, shamba la miti ya mbao upande wa juu wa kijiji. Filemoni alikata sehemu yake akapanda parachichi. Ebeneza alikasirika. Alisema miti ni benki, haiozi, haihitaji kubembelezwa, na kwamba mdogo wake ameng'oa kazi ya marehemu kwa ajili ya matunda ya nguruwe. Ukoo ukakaa kikao siku nzima, ukala, ukasali, ukaamua hivi: Filemoni aachiwe alime parachichi zake, lakini mavuno ya kwanza makubwa yakiharibika, ardhi irudishwe kwenye miti, na mwenye kuisimamia awe Ebeneza. Filemoni alikubali mbele ya wote. Angesema nini? Sasa miti ilikuwa imezaa mpaka matawi yamefungiwa miti ya kuegemea, na mavuno ya kwanza makubwa yalikuwa ndiyo haya.

Badru hakwenda shambani kwa Filemoni. Alikwenda kanisani.

Kwenye kanisa la Ilavange, kama kwenye makanisa mengine ya huko, mtu asiye na fedha huleta sadaka ya mazao: kuku, mayai, debe la mahindi, mkungu wa ndizi uliotoka mbali. Ibada ikiisha, watu hutoka nje na sadaka hiyo hunadiwa pale mlangoni, na fedha huingia kanisani. Mnadi alikuwa Filemoni. Walimchagua kwa sababu hakuwa na mzaha. Mtu anayenadi bila mzaha hapendelei. Na miti inapoanza kuzaa, kila nyumba huleta malimbuko, yale matunda ya kwanza, na hapo hakuna anayeleta baya. Mtu hawezi kumpa Mungu parachichi lenye kovu huku jirani yake anaangalia.

Msimu huo Badru alianza kufika Jumapili baada ya Jumapili. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye wigo na kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, akiwaamkia akina mama kwa Kibena, "Kamwene, kamwene," kwa lafudhi iliyowafanya wafunike midomo kwa khanga. Kuku wakinadiwa, kimya. Mayai, kimya. Ikija parachichi, anainua kidole, na bei anayotaja hakuna wa kumfuata. Mchungaji alifurahi, kwa kuwa paa la nyumba yake lilikuwa linavuja. Filemoni alikuwa anauza huku anamtazama. Aliona kwamba Badru hakuchanganya matunda. Ya kila nyumba aliyatia kwenye mfuko wake, akaufunga, akauandika juu kwa kalamu ya wino mzito. Na Jumapili ile Fidelia, mke wa Filemoni, alipopeleka malimbuko ya shamba lao jipya, Badru aliyanunua kwa bei iliyofanya watu wageuke kumtazama Filemoni, kana kwamba yeye na Mkomoro wamepanga jambo.

"Anayapeleka wapi?" Filemoni alimwuliza mkewe wakiwa njiani kurudi.

"Anakula."

"Mtu mwenye malori ya parachichi anakuja kununua parachichi tano za kula?"

Fidelia alisema labda zile za kanisani zina baraka. Lakini hata yeye hakuridhika na jibu hilo.

Jibu jingine lililetwa na Dorosela, binti wa jirani, aliyekuwa kibarua kwenye jengo la Badru na aliyekuja nyumbani kwa ajili ya msiba. Alisimulia akiwa anamenya viazi pamoja na wanawake wengine, na kabla sufuria haijachemka kijiji kizima kilikuwa na habari hiyo. Alisema kuna chumba kidogo mwisho wa jengo, mlango wake unafungwa. Ile mifuko ya kanisani inaingizwa humo. Siku moja mlango ulibaki wazi naye akachungulia: Mama Hamisa anakata parachichi vipande vyembamba na kuviweka motoni mpaka vinakauka kabisa, vinakuwa kama maganda. Halafu anavitupa. Haviliwi.

Wanawake waliacha kumenya. Wazee wa hapo wanasema malimbuko ya mtu hayachomwi. Ukiyachoma umekausha shamba lake kuanzia mizizi, na unyevu wote unahamia kwa mchomaji. Filemoni alikuwa amelisikia hilo tangu utoto kwa bibi yake, na alikuwa amelisikia pia likikemewa kanisani, na moyoni mwake alikuwa hajui ameliweka upande gani. Jioni ile alikwenda shambani akakwangua udongo chini ya mti mmoja kwa kidole. Ulikuwa na unyevu. Akaenda mti wa pili.

Hapo ndipo alipotokea Timoth. Timoth alikuwa mtoto wa binamu yake, kijana wa Njombe mjini mwenye viatu vilivyochongoka, aliyeingia kwenye udalali wa parachichi mwaka uliotangulia. Alikuja na zawadi ya sukari, akamwamkia kwa heshima zote, akamwita baba mdogo, akalizunguka shamba akipiga miluzi. Alisema ana mnunuzi anayetaka mzigo wiki hiyohiyo kabla msimu haujafunguka vizuri, bei ikiwa bado juu. Watachuma Alhamisi. Fedha mkononi, shambani, kabla gari halijawaka.

"Lakini zimekomaa?" Filemoni aliuliza.

"Baba mdogo, zitazame. Zimejaa. Unasubiri zikuite kwa jina?"

"Wanasema parachichi haiivi mtini."

"Ndiyo maana tunachuma. Zitaivia mbele ya safari." Timoth alishusha sauti. "Au unamsubiri yule wa wigoni? Baba mdogo, yule hana kaburi la babu yake hapa. Likiharibika jambo, utamfuata Komoro?"

Neno hilo lilimwingia Filemoni, kwa kuwa lilikuwa lake mwenyewe, ila hakuwahi kulitoa mdomoni. Karibu akubali palepale. Kilichomzuia ni kwamba siku mbili kabla Badru alikuwa amempigia simu, akamwambia kwa upole kwamba asiruhusu mtu yeyote achume, shamba lake bado. Filemoni aliuliza anajuaje wakati hajalikanyaga. Badru alicheka, akasema, "Najua, mzee wangu," akakata.

Sasa Filemoni alikaa kwenye kibaraza na mambo hayo mawili. Ndugu anasema chuma. Mgeni anasema subiri, naye amechoma malimbuko yake. Kama Badru amekausha shamba, kusubiri ni kuangamia. Kama Badru anataka tu wengine wasinunue ili abaki peke yake atoe bei anayotaka, kusubiri ni ujinga. Na kama anasema kweli? Hilo la tatu lilimtisha kuliko yote, maana lilimtaka amwamini mtu ambaye hakuwa na sababu hata moja ya kumwamini.

"Nenda ukaone," Fidelia alimwambia. "Chumba ni chumba. Kina mlango."

Jumatano akapata lifti kwenye lori la viazi mpaka Makambako, akatembea kwa miguu hadi kwenye jengo. Mlinzi alimwuliza ana miadi. Filemoni alisema ana malimbuko humo ndani. Mlinzi hakuelewa, lakini aliona ni mtu mzima wa kanisa, kavaa koti, akamwacha apite. Alikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa jengo, akabisha, akafungua kabla hajaitikiwa.

Hamisa alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la umeme lenye mlango wa kioo. Pembeni palikuwa na mizani ndogo, ya aina wanayotumia masonara. Ndani ya jiko vipande vya parachichi vilikuwa vinakunjamana polepole. Mezani ilipangwa ile mifuko, na Filemoni alisoma majina ya majirani zake juu yake kama mtu anayesoma misalaba makaburini. Jina lake lilikuwa la tatu.

"Karibu, baba," Hamisa alisema, bila kushtuka. "Umekuja kuona uchawi?"

Filemoni aliona haya, lakini hakutoka. Alisema ndiyo.

Hamisa akamwonyesha. Unakata vipande, unapima uzito vikiwa vibichi. Unavikausha mpaka maji yote yatoke, unapima tena. Kilichobaki ndicho tunda lenyewe, na mafuta yake. Kikiwa kingi, shamba limekomaa, linaweza kuchumwa. Kikiwa kidogo, shamba ni changa, na ukichuma parachichi changa haliivi milele. Linasinyaa, linakuwa kama soli ya kiatu. Kwa macho huwezi kujua, alisema, kwa sababu nje yanafanana. Akapima tena vipande vya Filemoni mbele yake. Filemoni alitazama mizani, akatazama mikono ya yule mama, akatazama chini ya meza kama kuna kitu kingine. Hapakuwa na kitu.

"Changa," Hamisa alisema. "Bado kama wiki sita hivi. Ninyi mko juu, kuna baridi, mnachelewa."

Badru aliingia wakati huo, akifuta mikono. Kwa karibu alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana wigoni, na ndevu zake zilikuwa na mvi. Aliagiza chai. Filemoni hakuigusa chai hiyo mpaka mwenyeji alipokunywa ya kwake.

"Kwa nini kanisani?" aliuliza. "Kwa nini usije shambani ukaomba?"

"Nikija shambani nitapewa tunda la mti uliotangulia kukomaa, au la jirani. Nikiomba niletewe, nitaletewa mengine juu na mengine chini. Kanisani kila mtu analeta lililo kweli lake. Hamumdanganyi Mungu, mnanidanganya mimi tu." Alisema hivyo bila hasira. "Tena nikijua shamba gani linakomaa kwanza, nafika kabla ya wengine. Hiyo ndiyo kazi yangu, mzee. Si joka."

"Kwa hiyo unajua habari za mashamba yetu kabla hatujazijua sisi."

"Ndiyo."

"Na hutuambii."

"Wewe nilikuambia."

"Uliniambia bado. Aliye tayari unamwambia yuko tayari, au unamwendea na bei ya mtu asiyejua?"

Badru aligeuza kikombe chake kwenye kisahani. Hamisa aliacha kupima. Filemoni mwenyewe alishangaa maneno hayo yametoka wapi. Kwa kawaida maneno kama hayo alikuwa nayo usiku, kitandani, baada ya mkutano kwisha.

"Namwendea na bei," Badru alisema hatimaye.

Basi Filemoni akamwambia, kwa sauti ndogo lakini bila kusimama, kwamba mnadi wa kanisa ni yeye. Kwamba Jumapili ijayo, kabla yeye mnadi hajainua tunda lolote, Badru atasema mbele ya watu wote yale ya wiki iliyopita yameonekanaje, ya kila nyumba, na jina. La sivyo parachichi zitanadiwa asubuhi sana, kabla ya ibada, wakati yeye yuko bado Makambako. Badru alimtazama kama mtu anayetazama tunda. Akauliza je, akisema uongo? Filemoni akamjibu kwamba akisema uongo watu watauona siku ya kuchuma, na watakuwa wameusikia wote kwa pamoja.

Alhamisi Timoth alikuja na gari na wachumaji. Filemoni aliwakaribisha uji, akasema hachumi. Timoth alimbembeleza, akacheka, akanuna, mwishowe akasema baba mdogo amelishwa kitu huko Makambako. Akaenda na gari lake kwa Nathanieli, jirani wa bonde la chini, ambaye miti yake haikuwa tofauti na ya Filemoni. Nathanieli alilipwa fedha mkononi kabla gari halijawaka, kama ilivyoahidiwa. Jioni alipita mbele ya nyumba ya Filemoni akiwa na mabati mapya kwenye mkokoteni, na akasalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Jumapili, Badru alisema. Alisimama wigoni, akataja jina baada ya jina, huyu yuko tayari, huyu bado, huyu nusu kwa sababu miti yake si ya umri mmoja. Watu walisikiliza kimya kuliko walivyosikiliza mahubiri. Bertila, mjane aliyeambiwa yuko tayari, hakumpa Badru nafasi ya kumwendea. Wiki hiyo aliita wanunuzi watatu wagombane uani kwake, Badru akiwa mmoja wao, na kwa mara ya kwanza tangu enzi za baiskeli alionekana akipandisha bei huku anajikuna kichwa. Lakini hakuacha kuja. Hilo nalo Filemoni alilitilia shaka. Mtu amenyang'anywa siri yake na bado anacheka. Ana nyingine wapi?

Kisha, wiki zile sita zikikaribia kutimia, ikaja baridi. Mwezi wa sita wa Njombe unajulikana, lakini mwaka huo sakitu, ule umande unaoganda kuwa barafu, ilishuka mapema na ilishuka nzito. Asubuhi moja Filemoni alikuta nyasi za upande wa chini wa shamba zimekuwa nyeupe kama zimemwagiwa unga, na majani ya safu mbili za mwisho yameinama. Alipokwenda adhuhuri yalikuwa meusi. Matunda yalikuwa bado yananing'inia, yanang'aa kama hayajui.

Alimpigia Badru, maana ndiye mnunuzi aliyekuwa anamsubiri. Simu iliita mpaka ikachoka. Alipiga tena jioni, na kesho yake. Hamisa naye hakupatikana. Siku ya tatu Ebeneza alipanda kilimani na fimbo yake, akazizunguka zile safu mbili, akagusa jani moja likavunjika.

"Umekataa fedha ya mtoto wetu," alisema, "ukamsubiri mtu wa baharini. Mdogo wangu, mimi sikucheki. Lakini sema mwenyewe, hili si ndilo tulilolisema kwenye kikao?"

Filemoni alijibu kwamba mavuno hayajachumwa. Ebeneza alisema vizuri, atakuja siku ya kuchuma aone kitakachochumwa, na aje na wazee. Alipoteremka, Filemoni alibaki amesimama. Aliona kwamba Badru angeweza kuwa amesikia habari za sakitu siku ileile, na akaamua kunyamaza mpaka mtu wa Ilavange alainike, kisha aje achukue shamba zima kwa bei ya chakula cha nguruwe. Ni jambo ambalo yeye Filemoni, kama angekuwa mfanyabiashara, angelifikiria. Wazo hilo halikumpa raha.

Gari lilifika siku ya tano bila taarifa. Badru alishuka mwenyewe, amevaa makoti mawili. Alisema alikuwa Ikonda, hospitali, mkewe amelazwa kwa homa ya mapafu, simu ameziacha kwa watu ambao hawapokei namba wasiyoijua. Filemoni alisema pole. Alisema pole kweli, lakini pia alichungulia kwenye gari, na akaona kwenye kiti cha mbele blanketi na chupa ya uji, mambo ya mgonjwa. Hapo akasema pole mara ya pili.

Walichuma kutwa nzima, kila tunda kwa mkasi, kikonyo kimeachwa kidogo, halichumwi kwa kuvuta. Wachumaji walikuwa wa Filemoni; alikataa wa Badru. Ebeneza na wazee wawili walikaa kwenye kilima wakitazama kreti zikijaa. Zile za safu za chini ziliwekwa kando. Badru alisema hizo zitachambuliwa Makambako, kwa sababu sakitu haipigi sawa; tunda moja limeumia, jirani yake zima. Zitakazokuwa mbaya zitakwenda kukamuliwa mafuta, bei ndogo.

"Nani atachambua?" Filemoni aliuliza.

"Watu wangu."

"Nakuja."

Hakukubali kukaa mbele na dereva. Alipanda nyuma, akakaa juu ya kreti akiwa amejifunga shuka la Fidelia, na upepo wa barabara ya Makambako ukamtafuna mpaka masikioni. Walipofika aliteremka na mzigo, akausindikiza hadi mezani, akavuta kigoda, akakaa mbele ya wanawake wa kofia nyeupe. Kila tunda lilipopita alilitazama. Dorosela, aliyekuwa mmojawapo, aliinamisha kichwa asicheke.

Haikupita muda aliona. Kreti moja kutoka safu za chini ilichukuliwa ikamwagwa yote kwenye pipa la mafuta, haikuchambuliwa. Alisimama, akatia mkono, akatoa tunda moja, gumu, safi, halina doa. Akatoa la pili. Akasema wasimamishe. Mashine iliyokuwa inapitisha matunda ikasimama, na jengo zima likageuka kumtazama mzee wa koti aliyeshika parachichi mbili.

Badru alikuja na kisu. Alipasua la kwanza. Ndani, kuzunguka kokwa, lilikuwa limepigwa na weusi. Badru akapasua la pili. Lilikuwa la kijani mpaka katikati, zuri kabisa. Akapasua jingine kutoka kwenye pipa, na jingine. Yaliyokuwa mazima yalikuwa mengi kuliko mabovu.

"Rudisheni yote mezani," Badru aliwaambia watu wake. "Moja moja."

"Nisingekuja?" Filemoni aliuliza.

"Yangekwenda kwenye mafuta."

"Kwa makusudi?"

"Kwa uvivu. Wameona kreti ya sakitu, wamechoka, wamemwaga." Badru alifuta kisu kwenye suruali. "Lakini kwako ingekuwa hasara ileile, kwa hiyo sitakuomba uamini."

Walichambua upya mpaka jua likaanza kushuka. Mzigo wa juu wa shamba ulipita karibu wote. Wa chini ulipita zaidi ya nusu. Filemoni alipiga simu kwa Ebeneza, akamweleza hivyo hivyo, bila kupunguza zile zilizoharibika. Kaka yake akakohoa, akasema wazee wamemwambia waliona kreti kwa macho yao na hawataki kikao kingine, kuna baridi. Shamba libaki lilivyo. Akaongeza kwamba Nathanieli anamtafuta Timoth. Yule mnunuzi wa kijana huyo amerudishiwa mzigo wote umesinyaa, na Timoth hapatikani, na Nathanieli mwenyewe hajui akimpata atamwambia nini, kwa kuwa yeye alishalipwa.

Kreti ya mwisho ilipoingia chumba cha baridi, Badru alileta sahani mbili za wali na maharage, akaketi kwenye kreti tupu karibu na Filemoni.

"Mwakani utaniuzia?" aliuliza.

"Nitauleta mzigo mwenyewe. Nitakaa juu yake."

Badru alicheka, akatikisa kichwa. "Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda hivyohivyo hadi Dar. Juu ya mzigo, kwenye mvua. Dereva alikuwa mtu mwema kabisa, ila mimi ningejuaje?"

Simu ya Filemoni ikaita. Alikuwa Fidelia. Ebeneza alikuwa ameshamweleza, alisema, na yeye Fidelia amelia kidogo, sasa amenyamaza. Akauliza kama huko wamempa chakula.

"Wamenipa."

"Umekula?"

Filemoni alimtazama Badru akitia tonge mdomoni na kulimeza, kisha akavuta sahani yake karibu.

"Ndiyo naanza," alisema.